Joto la Voi halizuii prosesa kwenda mbio, umande ndio mpaka

Muulize fundi yeyote wa kompyuta mjini Voi ni kitu gani huua mashine huko, naye atakutajia viwili kabla hujamaliza swali: joto na vumbi. Vyote viwili ni kweli. Mji umekaa kwenye tambarare ya mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, nyika ya Tsavo imeuzunguka, na kati ya Januari na Machi adhuhuri ya nyuzijoto 33 haimshangazi mtu. Vumbi jekundu linalowapaka ndovu rangi mbugani ndilo hilo hilo linaloziba feni na rejeta za kompyuta madukani.

Lakini kwa anayetaka kuisukuma prosesa yake ipite kasi iliyopangiwa kiwandani, kisha aipoze kwa maji yaliyotiwa baridi kwa mashine, kuna jambo la tatu ambalo watu hawalitaji sana, nalo ndilo linaloamua: kiasi cha mvuke uliomo hewani. Kwa kipimo hicho, Voi yenye jua kali ina nafasi kubwa kuliko Mombasa yenye upepo wa bahari. Wundanyi nayo, kule juu milimani, haihitaji mashine hiyo hata kidogo.

Kasi hulipiwa kwa joto

Prosesa huuzwa ikiwa na kasi ambayo kiwanda kiko tayari kuitolea dhamana. Kuovakloku ni kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuiagiza iende mbio zaidi ya hapo. Swichi zilizomo ndani ya silikoni hushindwa kufunguka na kufungika kwa wakati zikipewa umeme ule ule wa awali, kwa hiyo mtu hulazimika kuongeza volti pia. Hapo ndipo hesabu huanza kuuma, maana matumizi ya umeme hupanda sambamba na kasi, na tena hupanda kwa mraba wa volti.

Chukua prosesa inayokwenda gigahatsi 5.0 kwa volti 1.20 na kula wati 190. Ipandishe hadi gigahatsi 5.5 kwa volti 1.32. Kasi imeongezeka kwa asilimia 10, lakini wati zimefika 250 na ushei, yaani ongezeko la thuluthi nzima. Wati zote hizo hugeuka joto, na joto hilo lote linatoka kwenye kipande cha silikoni kinachotoshana na ukucha wa kidole gumba.

Prosesa za kisasa hujilinda zenyewe. Nyingi za Intel zikigusa nyuzijoto 100, na zile za AMD Ryzen 7000 zikigusa 95, hupunguza kasi bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Ndiyo maana aliyeongeza kasi bila kuongeza upoaji huona gigahatsi 5.5 kwenye skrini kwa sekunde chache tu, kisha namba zinaanza kuteremka. Amelipa umeme wa ziada na kazi haijakwenda haraka.

Maji yanaingia hapa kwa sababu hubeba joto jingi kuliko hewa. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja, ilhali kilo moja ya hewa huhitaji kilojuli moja tu. Pampu ndogo inayosukuma lita nne kwa dakika inaweza kubeba wati 280 huku maji yakipanda nyuzi moja pekee. Kwa hiyo kulitoa joto kwenye prosesa si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye kulimwaga.

Rejeta ya kawaida yenye feni hulimwaga joto kwenye hewa ya chumba, na haiwezi kamwe kuyashusha maji chini ya joto la hewa hiyo. Katika chumba cha Voi chenye nyuzijoto 32, maji yanayopita kwenye rejeta nzuri yanaweza kutulia kwenye 40 hivi. Ikiwa kila wati huongeza sehemu mbili za kumi za nyuzi kati ya maji na kiini cha prosesa, wati 250 zitaweka pengo la nyuzi 50, na prosesa itasoma 90. Bado nyuzi 10 ifike ukingoni.

Sasa ondoa rejeta uweke chila, yaani mashine yenye kompresa na gesi kama ya friji, inayopoza maji yanayozunguka. Yashushe hadi nyuzijoto 22. Pengo la nyuzi 50 halibadiliki, kwa hiyo prosesa inasoma 72. Chila imekupa nyuzi 18 za kuchezea.

Mashine iliyokaa chini ya meza

Mfano uliovuma zaidi wa kazi hii ulitokea Taipei mnamo Juni 2018, kwenye maonyesho ya kompyuta ya Computex. Intel ilionyesha jukwaani prosesa ya viini 28, vyote vikikimbia gigahatsi 5 kwa pamoja, na ukumbi ukasisimka. Waandishi wa teknolojia walipopata nafasi ya kuisogelea mashine yenyewe, waliona mabomba manene yaliyovikwa kizuia joto yakiteremka chini ya meza. Huko kulikuwa na chila ya Hailea yenye nguvu ya farasi mmoja. Hailea ni kampuni ya China inayojulikana kwa vifaa vya matangi ya samaki.

Intel ilikiri baadaye kwamba prosesa ilikuwa imesukumwa kupita kiwango chake, na kwamba jambo hilo halikutajwa jukwaani. Ilipofika sokoni mapema 2019 kwa jina la Xeon W-3175X, kasi yake ya msingi iliandikwa gigahatsi 3.1, na matumizi yake wati 255.

Wengi waliuchukulia mkasa ule kama hadithi ya kampuni iliyonaswa. Kwa fundi una somo lingine. Kwanza, chila ya samaki inatosha kufanya kazi hiyo. Pili, yale mabomba hayakuvikwa kwa ajili ya urembo. Bila vazi lile yangeanza kutoa jasho, na jasho la bomba likidondokea kwenye bodi ya kompyuta hakuna dhamana itakayokuokoa.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Nitrojeni kimiminika huchemka kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri, na washindani wameitumia kwa miaka mingi kuvunja rekodi. Prosesa ya Core i9-13900K iliwahi kuvushwa gigahatsi 9 kwa kutumia heliamu kimiminika, ambayo ni baridi kuliko nitrojeni. Hayo ni mambo ya dakika chache mbele ya kamera. Anayetaka kompyuta ya kufanyia kazi kutwa nzima hubaki na maji.

Nyuzi 20, nyuzi 26

Kila hewa ina nukta yake ya umande, yaani kiwango cha joto ambacho kitu kikiwa baridi kuliko hapo, mvuke wa hewani hugeuka matone juu yake. Mtu aliyetoa soda kwenye friji akaiweka mezani Mombasa ameiona nukta hiyo ikivukwa.

Tuseme ni saa nane mchana mjini Voi, hewa ni nyuzijoto 32 na unyevu ni asilimia 50. Nukta ya umande ni 20. Saa hiyo hiyo, tuseme Mombasa ina nyuzijoto 31 na unyevu wa asilimia 75. Nukta ya umande ni 26. Ukijiachia usalama wa nyuzi mbili, Voi unaweza kuyashusha maji hadi 22, ambayo ni nyuzi 10 chini ya hewa ya chumba. Mombasa utaishia 28, nyuzi tatu tu chini ya chumba. Chila ile ile, umeme ule ule, lakini faida ya Voi ni zaidi ya mara tatu.

Panda sasa matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Barabara inakupandisha hadi mita 1,400 hivi, chini ya kilele cha Vuria chenye mita 2,208. Tuseme asubuhi ya ukungu hewa ni nyuzijoto 18 na unyevu ni asilimia 90. Nukta ya umande ni 16. Ukijiachia nyuzi zile zile mbili, maji yatakuwa 18, sawa kabisa na hewa ya chumba. Chila haina la kufanya. Lakini rejeta ya kawaida, ikiyaacha maji nyuzi nane juu ya hewa kama ilivyokuwa Voi, itayatuliza kwenye 26, na prosesa yetu ya wati 250 itasoma 76. Nyuzi nne tu zinaitenganisha na prosesa iliyofungwa chila kule Voi, na kompresa haikuwashwa hata mara moja.

Umande una tabia ya kuanzia mahali usipotazama. Sponji nyeusi ambayo mafundi wa AC huvika mabomba huacha mwanya mdogo pale bomba linapokutana na kiungo cha shaba, na tone la kwanza hukaa hapo. Mahali pa pili ni nyuma ya bodi kuu, chini ya soketi, ambako baridi hupita kwenye chuma cha prosesa na kutokea upande wa pili. Jicho halipaoni hapo kwa kuwa pamefunikwa na kasha. Wenye uzoefu huziba nafasi kuzunguka soketi kwa jeli isiyopitisha umeme, kisha huweka sponji mbele na nyuma ya bodi. Hata hivyo kinga ya kweli ni kutoyapeleka maji chini ya nukta ya umande.

Na nukta hiyo haikai mahali pamoja. Mvua za vuli zinapofika Novemba, hewa ya Voi hubeba mvuke mwingi kuliko Februari. Chila iliyopangwa 22 wakati wa kiangazi inaweza kuanza kutoa jasho wiki ya kwanza ya mvua bila mtu kugusa kitu chochote.

Namna ya kupima

Jaribio la haki huanza kabla ya kununua chochote. Weka prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani. Andika joto la chumba, unyevu, na wati zinazosomwa kwenye mita ya ukutani. Washa programu ya kuitesa prosesa, kama Prime95 au OCCT, na uiache hadi joto la maji litulie. Hapa wengi hukosea kwa haraka, kwa sababu prosesa hufika kwenye joto lake kwa sekunde chache ilhali maji huchukua nusu saa au zaidi. Namba za dakika tano za kwanza hazina maana.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: ama maji, ama kasi, ama volti. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Na unapoandika matokeo, usiandike joto la prosesa pekee. Andika tofauti kati ya prosesa na maji, na kati ya maji na chumba. Voi ya alfajiri si Voi ya saa nane mchana, na mtu anayejivunia nyuzijoto 70 bila kusema chumba kilikuwa na ngapi hajasema kitu.

Asiye na chila anaweza kupima kwa barafu. Sanduku la kubebea samaki, pampu ndogo ya tangi la samaki na mipira miwili vinatosha. Wati 250 ni sawa na kilojuli 900 kwa saa. Kilo moja ya barafu hunyonya kilojuli 334 ili iyeyuke, na 84 zaidi ili maji yake yapande hadi nyuzijoto 20. Kwa hiyo saa moja ya jaribio hula kilo mbili na kidogo za barafu. Itie kidogo kidogo huku ukitazama kipimajoto, kwa maana ukiimwaga yote mara moja maji yatakaribia sifuri na umande utakuvamia.

Wazo la kuiingiza kompyuta ndani ya friji liachwe. Friji ya nyumbani imeundwa kuhifadhi vitu ambavyo vikishapoa havitoi joto tena. Prosesa ni jiko lisilozimwa, na kompresa itazunguka bila kupumzika mpaka ishindwe.

Maji yenyewe pia yana masharti. Visima vingi vya nyanda za chini za Taita Taveta vina chumvi, na maji ya chumvi huacha magamba kwenye njia nyembamba za kipozeo na kula metali. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri, lakini usome chupa vizuri maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Usichanganye pia rejeta ya alumini na kipozeo cha shaba kwenye mzunguko mmoja, kwa sababu kimoja kitakila kingine.

Halafu kuna stima. Ikiwa kompyuta imeunganishwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba, na chila haikuunganishwa, umeme ukikatika maji yataanza kupanda joto huku prosesa ikiendelea na kazi. Tangi la lita 10 litachukua dakika 50 hivi kutoka nyuzijoto 22 hadi 40 kwa mzigo wa wati 250. Muda huo unatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Tangi la lita moja lingekupa dakika tano.

Lita ngapi, shilingi ngapi

Babu zetu walipoza maji bila kompresa. Mtungi wa udongo hutoa unyevu kwenye ngozi yake, unyevu huo ukikauka huondoka na joto, na maji ya ndani hupoa. Vituo vikubwa vya data duniani hutumia kanuni hiyo hiyo kwenye minara ya kupozea. Kwa hewa yetu ya Voi ya nyuzijoto 32 na unyevu wa asilimia 50, kukausha maji pekee kunaweza kushusha joto hadi karibu 24. Kwa ile ya Mombasa mwisho ni 27.

Kwa kompyuta moja ya wati 250, njia hiyo hugharimu chini ya nusu lita ya maji kwa saa, kiasi ambacho hakuna atakayekilalamikia. Kwa kituo cha data cha megawati moja, hesabu hiyo hiyo inatoa zaidi ya lita 35,000 kwa siku. Katika kaunti hii ya Taita Taveta namba hiyo haisomwi kimyakimya. Maji ya chemchemi za Mzima, yanayotoka chini ya vilima vya Chyulu na kuchimbuka ndani ya Tsavo Magharibi, yamekuwa yakisafirishwa kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950, na wakazi wa hapa wamelalamika kwa miongo mingi kwamba bomba linapita huku mifereji yao ikiwa mikavu.

Na kituo kama hicho kinaweza kufika hapa: nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, na njia ya faiba kuelekea Nairobi inapita Voi. Kampuni ya iColo tayari inaendesha vituo vya data Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi. Siku mwekezaji atakapokuja kuitazama Voi kwa ukavu wa hewa yake, swali la kwanza la viongozi wa kaunti liwe lita ngapi kwa siku, na zitatoka wapi.

Kwa mtu binafsi, tupige hesabu ya mwisho. Prosesa yetu ilikuwa ikila wati 190. Baada ya kusukumwa inakula 250. Chila ndogo huondoa wati mbili na nusu hivi za joto kwa kila wati moja inayotumia, kwa hiyo itaongeza wati 100. Jumla ni 350, ongezeko la zaidi ya asilimia 80, ili kazi ya dakika 60 imalizike kwa dakika 55. Mwenye studio ya video anayefukuzana na arusi za wikendi anaweza kuona zinamlipa. Mtu wa barua na jedwali hazitamlipa kamwe.

Tena kompyuta nyingi zinazouzwa Voi ni mitumba ya maofisi, zile zinazoitwa eksi-UK. Prosesa zake za Intel hazina ile herufi K inayoashiria kwamba kufuli la kasi limeondolewa, na bodi zake hazina mpangilio wa kuongeza volti. Kwa hizo dawa ni brashi laini ya kuondoa vumbi, pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, na kuitoa mashine kwenye kabati lisilo na hewa.

Anayestahili kulibeba jaribio hili mbele ni Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake 2016 na ambacho kina wahandisi wa madini wanaohitaji kompyuta za kukokotoa kwa saa nyingi. Kina kampasi kwenye joto la Voi, na milima ya Taita iko jirani. Wanafunzi wake wakipima prosesa moja Voi, Wundanyi na Mombasa kwa mwaka mzima na kuzitangaza namba zao, mafundi wa pwani yote watafaidika, wa kompyuta na wa AC pia.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu wikendi hii, ushauri ni mfupi. Nunua kipima unyevu kabla ya chila, kwa kuwa ndicho kitakachokuambia kama chila inakufaa. Ukiwa Voi, usiyashushe maji chini ya nyuzi mbili juu ya nukta ya umande. Ukiwa Mombasa, fikiria mara mbili kabla ya kutoa pesa. Ukiwa Wundanyi, fungua dirisha na ununue rejeta.